Farasi wa Familia Kutoka Bute

Ngojeni niitoe aibu yote mwanzoni, wanaopenda kucheka wacheke na wanaopenda kunihurumia wangoje zamu yao: mimi, mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne (nilikipata kwa darasa la usiku, nikikalia dawati lililonibana magoti miaka minne, lakini cheti ni cheti), niliamini kwa moyo wangu wote kwamba farasi wa Bute, ukimlisha tende kwa mkono wako siku saba mfululizo na kumnusisha nguo za watu wa nyumba yako, atawajua watu hao hata kama hajawahi kuwaona, atawatafuta katikati ya umati wa watu elfu kumi, na akishawapata hatawaacha mpaka warudi nyumbani. Niliambiwa na dereva wa lori. Aliniambia huku anafunga turubai, bila hata kunitazama, na mimi nikaona mtu asiyejisumbua hata kukutazama atajisumbuaje kukudanganya.

Mnanijua, lakini kwa asiyenijua: mimi ni mtangazaji wa soko la mifugo hapa Garissa. Si wa redio, ni wa kipaza sauti cha betri, kile cha kuning'iniza begani kwa mkanda. Mbuzi akipotea mimi ndiye ninayemtangaza, daktari wa mifugo akija na chanjo mimi ndiye ninayepanga foleni, na mzee akisahau bakora yake chooni mimi ndiye ninayeipigia kelele mpaka aone haya kuja kuichukua. Tangu nipate cheti soko zima linaniita Brofesa, na hiyo herufi ya kwanza ndivyo wanavyoitamka, nimeizoea. Ila nikiri jambo moja ambalo mtalihitaji mbele: pamoja na kupata riziki yangu katikati ya ngamia na ng'ombe, mimi sijachunga hata mbuzi mmoja maishani. Baba yangu alikuwa bawabu, nilikulia kwenye bula, yaani mtaa, nyuma ya duka la mabati, na kisima cha kunyweshea mifugo nilikiona mara ya kwanza kwenye kitabu cha jiografia cha darasa la usiku. Mchoro wenyewe ulikuwa umefifia.

Sasa, Haji Adan, mfanyabiashara wa Bute, mtu mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa mawazo, alikuwa amewapata farasi wanne kutoka kwa Waborana wa ng'ambo ya mpaka, akakaa nao mwaka mzima, akawapenda, halafu akapata wazo. Alinipigia simu akasema, "Brofesa, watu wa Garissa wamechoka kukaa ndani ya magari. Kila familia yenye boma inahitaji farasi wa Borana. Wewe una sauti, mimi nina farasi."

Nikamwambia, "Haji, watu huku wanamjua punda wa maji na ngamia wa nyama. Farasi wanamwona kwenye kalenda."

"Ndiyo maana nakutaka wewe," akasema.

Akamtuma mmoja kwa lori, farasi jike wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, jina lake Barwako, akae kwenye boma langu kwa sababu boma langu ni kubwa na (hapa Haji alikohoa kidogo) halina watu. Nitasema ukweli juu ya farasi huyo, maana yeye hakufanya kosa lolote katika mkasa huu. Farasi wa Borana si yule mrefu anayetisha. Huyu mgongo wake ulinifika kifuani, unaweza kumpakia mtoto bila ngazi. Kwato ngumu, hahitaji chuma. Anakula nyasi kavu ambazo mbuzi wa jirani alizikataa. Ngamia akipiga kelele hashtuki, gari likipiga honi hashtuki, na mimi nilipojaribu kipaza sauti changu karibu na sikio lake alifumba macho tu kama mtu anayesikiliza mahubiri. Mpole, mvumilivu, ana pumzi ya safari ndefu. Kama kuna farasi wa kupandwa na mama, baba, watoto na bibi yao, ni huyo.

Basi Jumatano, siku ya soko, nikampeleka. Wallahi, hata siku ile ngamia mwenye vichwa viwili angekuja asingekusanya watu wale (ngamia huyo hayupo, natoa mfano). Nikapanda juu ya jiwe nikaanza: "Farasi wa Borana! Farasi wa familia! Mpole kuliko shangazi yako! Mtoto anaweza kumwendesha akiwa amelala! Hanywi mafuta, hataki bima, haulizi barabara ina lami au haina!"

Mzee mmoja wa ng'ombe akainua bakora. "Hiyo inatoa maziwa lita ngapi?"

"Mzee wangu, huyu si wa maziwa, ni wa kupanda."

"Kwa hivyo tutachinja lini?"

"Hachinjwi, adeer. Anapandwa. Na familia."

Kijana mmoja kutoka nyuma akapaza sauti, "Hiyo ni punda tu, imemaliza fomu foo kama wewe!" na soko lote likaanguka kicheko, na mimi nikacheka pia, maana ilikuwa nzuri.

Mambo yangeishia hapo na leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini kulikuwa na Eddo Sahara. Eddo Sahara (eddo ni shangazi, soko zima linamwita hivyo) anauza maziwa ya ngamia kwenye kona ya soko tangu mimi nikiwa sina ndevu, anaujua ukoo wa kila mtu na madhambi ya kila ukoo, na mke wangu Halima alikuwa akichukua maziwa kwake kila asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kibago chake, madumu yamemzunguka, akauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Brofesa. Na wewe, familia yako inapanda hiyo?"

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema, "Eddo, mke wangu yuko Masalani na watoto, unajua." Maneno machache, hata hayamalizi betri. Badala yake mdomo wangu (mdomo huu, mimi nawaambieni, una akili zake na mimi nina zangu) ukasema ndani ya kipaza sauti: "Kila Ijumaa jioni! Mke wangu na binti zangu wawili, mpaka mtoni na kurudi!"

"Halima amerudi?"

"Zamani, Eddo!"

"Mashallah," akasema, na akanitazama muda mrefu kama anayepima maziwa kama yametiwa maji. "Basi tuonyeshe na sisi."

Haji Adan alikuwa kwenye simu akisikiliza soko moja kwa moja, na aliposikia hivyo alifurahi hadi nusura simu ipasuke. "Jumamosi ya wiki ijayo!" akasema. "Uwanja wa mpira! Naleta hema, naleta viti, naleta sharubati! Watu waone familia halisi juu ya farasi! Brofesa, wewe ni hazina!"

Hazina ikarudi nyumbani na farasi wake.

Hapa lazima niwaambie habari ya nyumba yangu, na sitaitilia chumvi, kwa sababu hii haihitaji. Halima alikuwa ameondoka mwaka mmoja na nusu. Watu niliwaambia amekwenda kumuuguza mama yake Masalani, na ni kweli, mama alikuwa mgonjwa, ila alipona mapema, na nasikia sasa anafukuza kuku wa jirani mbio. Halima hakurudi. Hakusema kwamba hatarudi, hakuomba talaka, hakugombana. Alikaa tu. Na mimi nilijua sababu. Miaka minne nilikuwa sokoni mchana na darasani usiku, na sauti niliyokuwa nayo niliimaliza huko, nyumbani nilifika nikiwa bubu. Yeye ndiye aliyenishikia taa umeme ukikatika. Yeye ndiye aliyenisikiliza nikikariri mito ya Afrika mpaka akaijua kuliko mimi. Siku nilipopata cheti niliita watu, nikachukua kipaza sauti, nikamshukuru mwalimu, nikashukuru soko, nikawashukuru wachuuzi wa chai, nikamshukuru hata punda anayetuletea maji, watu wakacheka sana. Halima alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sambusa. Jina lake halikunijia. Wiki mbili baadaye mama yake akaugua.

Kwa nini sikumfuata? Nilikuwa na majibu mengi, na yote niliyasema kwa sauti nzuri: barabara mbaya, soko haliwezi kuachwa, mvua inakuja, mvua imeondoka sasa kuna vumbi. Jibu la kweli sikulisema. Niliogopa nitafika Masalani, nitakaa kwenye mkeka wa mama mkwe, nitanywa chai, halafu Halima ataniambia mbele ya macho yangu kwamba harudi. Maadamu sijaenda, hajaniambia.

Sasa mwaona kwa nini maneno ya dereva wa lori yalinikaa. Kama kuna mnyama anayeweza kumjua mke wako kwa harufu na kumrudisha nyumbani, basi wewe huna haja ya kwenda kuomba. Nikaanza siku ile ile. Nyumbani kwangu kulikuwa kumebaki vitu vitatu vyao: mtandio wa Halima wa rangi ya machungwa kwenye msumari, daftari la hesabu la Nasra, binti yangu mkubwa, na kandambili moja ya mguu wa kushoto ya Ifrah, mdogo, ambayo sasa hivi haiwezi tena kumtosha. Kila jioni baada ya swala ya alasiri nilikaa kwenye kigoda kando ya ndoo ya maji, nikapiga mluzi, na Barwako akaja. Wallahi alikuja kila mara! Awe mwisho wa boma, awe anakula, awe amelala, nikipiga mluzi anainua masikio na kunijia moja kwa moja, anainamisha kichwa, anakunywa, halafu nampa tende, halafu namnusisha mtandio. "Huyu ni Halima," namwambia. "Mrefu kidogo, hapendi kelele. Huyu Nasra, ana miaka kumi na tatu, hesabu anapata, baba yake ilimshinda. Huyu Ifrah, mitano. Anauma."

Na niliona, kusema kweli, kwamba farasi ananipenda. Mwaka na nusu hakuna kiumbe kilichokuwa kinainua masikio kwa sababu yangu. Nilikuwa naenda sokoni mbio na kurudi mbio. Nilimsomea mito ya Afrika.

Alhamisi ya wiki ya pili nilijikaza nikapiga simu Masalani. Akapokea Nasra, namba yenyewe ni yake, mtandao unakatika katika kama mtu anayetafuna kokoto. Nikasema, "Aabo (kwetu baba na mtoto huitana hivyo), mwambie mama Jumamosi mje Garissa. Kuna jambo. Kuna farasi."

"Tuje?" akasema. "Sisi wote?"

"Nyote."

Akasema taratibu, "Nitamwambia, Aabo," na simu ikakatika.

Sikupiga tena. Ningeweza kupiga, nikaeleza. Nilikaa nikinusisha kandambili.

Jumamosi ilifika na jua la kukaanga mayai juu ya mabati. Haji Adan alikuwa amesafiri kutoka Bute usiku kucha na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake. Hema lilikuwa limejaa, familia nzima nzima kwenye viti vya plastiki, na nyuma kabisa ya hema pipa kubwa la sharubati nyekundu lenye mabonge ya barafu yakielea. Barwako nilikuwa nimemsugua mpaka anang'aa, nimemvalisha tandiko lenye vishada, na maji nilikuwa nimemnyima tangu jana yake, nisije nikaaibika akakojoa mbele ya wageni. (Cheka, cheka. Mimi mwenyewe nacheka.)

Saa nne, watu wa Masalani hawajafika. Saa tano, hakuna. Haji Adan akaniinamia. "Brofesa, familia iko wapi?"

"Inavaa," nikasema.

Nikatoka mbio mpaka kwa Mama Hamdi, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mama wa wasichana wawili, Hamdi wa miaka minane na Hibo wa miaka sita. Nikamwomba aniazime watoto kwa nusu saa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Watoto wanaazimwa siku hizi, Brofesa? Kama ungo?"

"Jirani, nakuomba. Wapande tu, wazunguke, washuke."

"Haya. Lakini uwarudishe na meno yote. Na mimi nakuja kuangalia."

Nikawapandisha, Hamdi mbele, Hibo nyuma, nguo zao za Idi, wakakaa kama malkia wawili. Nikawasha kipaza sauti. "Mabibi na mabwana! Msiishie kuambiwa, oneni kwa macho! Hawa ndio binti zangu, wanapanda farasi wa Borana tangu... tangu zamani!"

Eddo Sahara alikuwa mstari wa mbele, bila shaka. Akajikinga jua machoni kwa mkono. "Brofesa, Nasra namjua, alikuwa msichana mrefu. Amepungua?"

"Ni farasi anamfanya aonekane mdogo, Eddo!"

"Na mama yao?"

"Mama yao ni mtu wa haya," nikasema, na mkono wangu, bila mimi kuutazama, ukaelekeza nyuma kabisa ya hema, mahali ambapo nilijua hakuna mtu. "Amesimama pale, karibu na pipa."

Watu wote wakageuza shingo. Na Eddo Sahara akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani tena, "Haye. Ni kweli."

Nikageuka na mimi. Karibu na pipa alikuwa amesimama Halima.

Vumbi la barabara limemfunika mpaka kope (gari lao lilikuwa limepasuka gurudumu mara mbili), kwa mkono mmoja amemshika Ifrah, Nasra yuko kando yake, na miguuni pake kuna begi. Lile begi la bluu, kubwa, lile aliloondoka nalo. Nililitambua kabla sijautambua uso wake. Mtu hachukui begi lile kuja kutazama farasi. Begi lile ni la kuja kukaa. Na alikuwa amesimama pale, sijui kwa muda gani, akinisikiliza nikiwaambia watu wote wa Garissa kwamba Hamdi na Hibo ndio binti zangu.

Mtu mwenye akili angezima kipaza sauti na kwenda kwa mke wake kwa miguu. Mimi nilifikiri: farasi! Siku saba zimetimia, tende zimeliwa, mtandio umenuswa. Lakini Barwako alikuwa amesimama kimya, anaangalia ardhi. Nikampiga shingoni kidogo, hakuna. Basi nikaweka vidole mdomoni nikapiga mluzi, ule ule wa kila jioni.

Masikio yakainuka. Kichwa kikainuka. Barwako akanusa upepo, akageuka, akaanza kutembea, polepole, halafu kwa haraka, moja kwa moja katikati ya viti, watu wakimpisha, kuelekea kwa Halima.

"Mwaona!" nilipiga kelele, na kipaza sauti kikapiga kelele pamoja nami. "Mwaona! Amewajua! Anakwenda kwa mke wangu! Hajawahi kumwona, na amemjua!" Machozi yalikuwa yananitoka, sioni haya kusema. Niliona doa jeupe la paji lake limemlenga Halima kama mshale, nikaona Nasra amefungua mdomo, nikaona Ifrah amejificha nyuma ya nguo ya mama yake, na nikasema moyoni, ya Rabbi, imetokea.

Halima alirudi hatua moja nyuma. Farasi akampita.

Akampita karibu kabisa, mkia ukagusa begi, hakumtazama, hakumnusa, akapita Nasra, akapita Ifrah, na akatumbukiza kichwa chote ndani ya pipa la sharubati mpaka kwenye macho.

Sasa, farasi akiinamisha kichwa ghafla, shingo inakuwa mteremko. Hamdi alishikilia vishada, Mungu amlinde. Hibo aliteleza ubavuni kwa dada yake, akateremka shingoni, na akaingia kwenye pipa akiwa amekaa wima, sharubati ikamfika kiunoni, barafu ikamfanya atoe sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kambi ya Dagahaley. Barwako akaendelea kunywa pembeni yake. Halafu pipa likainama, likafikiri kidogo, likaanguka. Mto mwekundu ukapita chini ya viti, kina mama wakainua miguu na nguo, na Haji Adan, aliyekuwa anakimbia kuja kuokoa, akateleza na kukaa katikati yake na ile kanzu.

"Brofesa!" Mama Hamdi akaja mbio. "Meno nilisema, lakini sikusema unirudishie mtoto mwekundu!"

Mzee wa ng'ombe akauliza jirani yake kama sasa ndio wakati wa kuchinja.

Nilimtoa Hibo, mzima kabisa, anacheka sasa na kulamba mikono, nikamshusha Hamdi. Nilipoinuka, Ifrah alikuwa ametoka nyuma ya mama yake. Ananitazama mimi, anawatazama wale wasichana wawili. Akauliza:

"Aabo, hawa ndio watoto wako wengine?"

Swali hilo nililisikia mara mbili. Mara ya kwanza kutoka kinywani mwake, mara ya pili kutoka begani mwangu. Kile kipaza sauti, kwa sharubati au kwa jasho langu, kitufe chake kilikuwa kimekwama. Na mimi, badala ya kukivua, nilianza kueleza, maana nikiogopa ndivyo nifanyavyo, naongea. Nilimwambia Halima kila kitu, mbele ya Garissa yote. Kwamba nilidanganya sokoni. Kwamba boma lina kimya kiasi kwamba nasikia mchwa wakila mlango. Kwamba dereva wa lori aliniambia habari ya tende. Kwamba mtandio wake wa machungwa umenuswa na farasi siku saba na zaidi, na nilimwambia farasi kwamba yeye hapendi kelele. Sauti yangu ilikuwa inanirudia kutoka kwenye kuta za shule iliyo kando ya uwanja, "kelele, kelele." Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Nasra akasema, akitazama chini, "Mimi nilimwambia mama unatuita nyumbani."

Halima alinijibu, nami majibu yake nitayaweka mwisho, kwa sababu soko zima limeyashika na kuyarudia kunizidi. Alipomaliza, akainua begi. Eddo Sahara aliacha kiti chake, akambebea upande mmoja, wakaondoka pamoja na watoto. Walilala kwa shangazi yake, na Jumapili asubuhi wakarudi Masalani. Sikwenda kituoni kuwaaga. Nilisimama nyuma ya ukuta wangu nikisikiliza magari yakiondoka, nikijaribu kukisia ni lipi.

Haji Adan amemchukua Barwako, na nasikia familia mbili zimemwomba farasi, kwa sababu wanasema mnyama aliyebaki mpole siku ile anaweza kuvumilia chochote. Nafurahi kwa ajili yake. Nimeapa sitaazima tena mtoto wa mtu, sitatangaza tena jambo la nyumba yangu ambalo halipo, na dereva wa lori nikikutana naye nitamsalimia tu na kupita. Boma sasa lina ndoo na kigoda. Bado jioni napiga mluzi, mazoea, na mbuzi wa Mama Hamdi analia ng'ambo ya ukuta, basi.

Haya yote nimeyaandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari la hesabu la Nasra, na kipaza sauti nimemwachia Eddo Sahara kuanzia kesho asubuhi, mbuzi wakipotea mwulizeni yeye, mimi nitakuwa njiani.

Majibu ya Halima yalikuwa haya. Aliyasema kwa Kisomali, bila kupandisha sauti, na kile kidude begani kwangu kikayapeleka mpaka barabarani:

"Baba Nasra, mimi ni mtoto wa wafugaji. Farasi hamjui mke wa mtu kwa mtandio. Wafugaji wanapiga mluzi mifugo ikinywa. Wewe umempigia mluzi wa maji, na ana kiu, amekwenda kwenye maji. Hakuna alichokosea. Mimi niko Masalani mwaka na nusu. Gari linatoka hapa kila asubuhi, na wewe hukupanda hata siku moja."